Ubavu wa Lori

Nimefanya kazi ya minara ya simu kwa muda mrefu kiasi kwamba nikiwa safarini sitazami mbuzi wala milima, natazama antena. Mke wangu amezoea. Nikisema "ile imeinama vibaya" anajua simsengenyi mtu. Huku Turkana nimepanda minara kuanzia Kainuk mpaka vilima vya karibu na Nakalale, jua likinichoma kisogo na chuma kikinichoma viganja, na huko juu nilijifunza kujiona mtu anayejua mambo. Kujiona huko ndiko kulikoniingiza kwenye kisa hiki.

Niliponunua kiwanja Lodwar, pembeni mwa mji, nyuma ya kilima cha mawe meusi, nilikuta lori limekaa ukingoni. Kusema kweli halikuwa lori tena. Injini ilishatolewa, magurudumu yalishatolewa, na bodi lake kubwa la chuma lilikuwa limekalia mawe kama kuku anayeatamia. Mbuzi walilala chini yake mchana. Aliyeniuzia kiwanja ndiye aliyekuwa mwenye lori, na alikuwa amehamia Eldoret zamani. Nilipompigia kumuuliza, akasema, "Hiyo ni takataka, itoe tu." Nikamwita mnunuzi wa vyuma chakavu, akaja na watu wake na mtungi wa gesi, wakalikatakata kutwa nzima. Nilisimama pale na chai yangu, nimefurahi, maana hapo ndipo nilipopanga kuweka geti.

Siku ya tatu baada ya lori kuondoka, jirani yangu alikuja. Alikuwa bibi mjane wa Kiturkana aliyeishi ng'ambo ya njia, katika akai, nyumba yao ya makuti ya mkoma, na mlango wake ulitazamana na mahali lilipokuwa lori. Shanga zilimjaa shingoni na nyonga ilikuwa imemharibikia, hivyo ile safari ya hatua thelathini ilimchukua muda. Nilimwona tangu anaanza kuvuka, nikajua haji kunikaribisha mtaani.

"Ejok," akanisalimu.

"Ejok noi, ata," nikajibu. Ata ndivyo mtu anavyomwita bibi huku, na mimi, mtu wa Kitale, nilikuwa najivunia kulijua neno hilo.

"Fundi, wewe umetoa gari ya mzee yangu."

"Ata, gari lilikuwa la mwenye kiwanja. Nilimuuliza."

"Mimi sisemi ilikuwa ya nani. Mzee yangu aliendesha hiyo gari mpaka akazeeka. Akaiweka hapo na mkono yake. Sasa wewe umetoa, na simu yangu imekufa."

"Imekufaje?"

"Mzee alikuwa ananishikia netwak na hiyo gari."

Nilicheka. Ningependa kusema kilikuwa kicheko cha upole, lakini mke wangu alikuwepo na ananikumbusha mpaka leo kwamba kilikuwa cha dharau. Halafu nikafanya kosa la pili, nikaanza kufundisha. Nikamweleza kwamba mtandao hutoka kwenye mnara, na mnara uko kule ng'ambo ya kilima. Kwamba antena haimwagi mawimbi ovyo, bali huyaelekeza upande mmoja kama tochi, na sisi mafundi ndio tunaoinua na kuinamisha hiyo tochi. Kwamba marehemu, Mungu amrehemu, hawezi kushika mtandao, na lori bovu ndilo halina uwezo huo kabisa. Labda betri ya simu ilikuwa imechoka.

Alinisikiliza mpaka mwisho, ameegemea fimbo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, ata."

"Basi fufua simu," akasema, akageuka kurudi kwake.

Aliyeniambia undani wa jambo ni mke wangu, ambaye alikuwa akinunua maziwa ya mbuzi kwa yule bibi na kukaa naye. Usiku huwa hatugombani, kwa hiyo alinigombeza asubuhi, mbele ya uji. Bibi alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki, binti aliyeolewa Kakuma, na huyo binti alikuwa mjamzito, amebakiza wiki chache. Kwao mtoto hapewi jina hivi hivi. Mama yake humweka kwenye titi, na bibi, akiwa ameketi mlangoni pa nyumba yake mwenyewe, hutaja majina ya watu wa ukoo waliokwisha kuondoka, moja baada ya jingine. Jina litakalomfanya mtoto aanze kunyonya, hilo ndilo lake. Kila jina hutajwa mara moja tu. Likipita limepita, haliwezi kurudiwa kwa mtoto huyo.

"Wajukuu wawili wa kwanza aliwapa majina kwa simu," mke wangu akasema. "Ameketi pale pale kwenye kigoda chake. Na wote wawili walilikataa jina la mume wake. Huyu ni wa tatu, na binti amesema ndiye wa mwisho. Sasa bibi hana simu, kwa sababu yako."

"Apelekwe barabarani. Barabarani mtandao uko."

"Ni mlangoni pake. Si barabarani."

"Basi apelekwe Kakuma."

"Na ile nyonga? Na mlango wake nao ubebwe kwenye gari?"

Kama bibi asingesikika siku hiyo, mama wa upande wa mume angetaja majina ya ukoo wao, na jambo lingekwisha hapo. Nikamaliza uji wangu. Bado niliamini lori halihusiki, ila sasa nilitaka kulithibitisha hilo haraka ili nirudi kuwa mtu mwema nyumbani kwangu.

Nilichukua kipimo changu cha kazini, kile kinachoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba, nikaenda kwa bibi. Aliniletea kigoda chake mwenyewe, kifupi, kimeng'aa kwa kukaliwa. Nikaketi mlangoni. Kipimo hakikuonyesha kitu. Nikasimama, nikainua mkono, bado hakuna. Nikatazama kaskazini, uliko mnara, nikaona kilima cheusi tu kimesimama katikati kama ukuta wa jela. Hapo nikaanza kuingiwa na wasiwasi wa kitaalamu. Kwa hesabu zote nilizofundishwa, mahali pale hapakutakiwa kuwa na mtandao hata siku moja.

"Ata, ni kweli simu ilikuwa inashika hapa?"

"Hapo tu kwa kigoda. Ukienda hapa hakuna. Ukienda hapa hakuna." Akaonyesha kwa fimbo, kulia na kushoto, hatua moja moja. "Hapo tu."

Mtu asiyejua angedhani ni maneno ya mzee. Mimi nikakitazama tena kipimo. Mahali pamoja pembamba, hatua moja tu upana, ndiyo tabia ya wimbi lililogonga kitu likaruka. Wimbi la moja kwa moja lingeenea uwanja mzima.

Nikavuka njia nikaenda kusimama lilipokuwa lori. Nikatazama kaskazini. Ubavuni mwa kilima, palipo na mwanya, mnara ulionekana kuanzia kiunoni mpaka kichwani, na moja ya antena zake ilikuwa imeelekea kwangu sawasawa. Niliijua antena hiyo. Niliifunga mwenyewe. Kipimo kikapanda mpaka nikaona haya.

Mawimbi yalitoka mnarani, yakapita kwenye mwanya, yakagonga ubavu wa lori uliokuwa bapa na mpana, yakaruka mpaka kwenye kigoda cha bibi. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka yote hiyo. Simu za siku hizi zina akili ya kukusanya miangwi mingi na kuipanga mpaka iwe sauti moja safi, lakini pale hapakuwa na miangwi ya kukusanya. Ulikuwepo mmoja tu, na mimi nilikuwa nimeuuza kwa kilo.

Nilirudi kwa bibi nikaketi chini, kwenye vumbi, maana kigoda niliona sistahili.

"Ata, ulisema kweli. Gari ndilo lilikuwa linashika."

"Mimi najua," akasema. Hakuonekana kushangaa wala kufurahi.

"Mzee alijua? Ndiyo maana aliliweka vile?"

Hapo akacheka, mara ya kwanza. "Mzee alijua nini ya simu? Aliniwekea kivuli. Jua ya jioni ilikuwa inanichoma hapa mlango. Akaleta gari yake, akasimamisha hivi, akasema, 'Sasa wewe kaa.' Halafu simu zikakuja, zikaingia na hiyo njia."

Niliona haya, na sitaki kuyapamba. Mtu aliyesomea mawimbi alikuwa amemcheka mtu aliyekuwa ameyaona kwa macho yake, kila siku, kwa miaka.

Nikaanza kazi. Mara ya kwanza nilidhani ni rahisi. Nilichukua mabati manne yaliyobaki kwenye ujenzi wangu, nikayapigilia kwenye fremu ya mbao, nikayasimamisha pale pale. Mchana mtandao ulikuja, bibi akapiga simu Kakuma, akamsalimia binti yake, wakaongea mambo ya miguu kuvimba. Mke wangu alinipiga kofi la mgongo kama mtoto aliyefaulu mtihani. Halafu saa kumi upepo wa Lodwar ukaamka. Bati ni jepesi. Lilianza kucheza, linabonyea na kutoka, linapiga kelele, na kila likicheza mawimbi nayo yalirushwa huku na huku. Simu ikawa inakamata neno moja na kuacha matatu. Jioni fremu ilianguka kabisa na kuua tuta la nyanya la mke wangu.

"Huyo si mzee," bibi akasema akilitazama bati lililolala. "Mzee alikuwa mzito."

Alikuwa amesema kitaalamu kuliko mimi. Nilihitaji chuma kizito, bapa, kipana, kisichotingishika, na katika Lodwar nzima niliyoizunguka na pikipiki sikukipata kipande kizima cha ukubwa huo. Mwisho nikaenda kwa yule mnunuzi wa vyuma chakavu, nimenywea. Yeye ni mfanyabiashara Msomali mwenye adabu nyingi, na alinisikiliza kisa chote bila kutabasamu, jambo ambalo lazima lilimgharimu.

"Injinia, zile ndogo ndogo zimekwenda na lori zingine," akasema. "Lakini ubavu moja mzima sikukata. Kinyozi alinunua, ya Kakuma. Alisema anataka ukuta."

Kesho yake nilikuwa na safari ya kazi Kakuma, kuna antena ilikuwa imesogezwa na upepo. Niliirudisha mahali pake kwa haraka isiyo ya kawaida yangu, nikaingia kwenye soko la kambi ya wakimbizi kumtafuta kinyozi mwenye ukuta wa chuma. Haikuwa kazi ngumu. Kibanda chake kilikuwa kimejengwa kwa makopo ya mafuta ya kupikia yaliyobapazwa, kama vingine vingi, isipokuwa upande mmoja. Upande huo ulikuwa ubavu wa lori, wa buluu iliyopauka, na juu yake michoro ya vichwa vya watu walionyolewa mitindo mbalimbali.

Kinyozi alikuwa Mkongo, mnene, amevaa shati safi sana. Nilimwambia ninachotaka. Akaacha mashine ikilia mkononi, na mteja amenyolewa nusu kichwa, akaniita yaya, yaani kaka kwao.

"Yaya, weye unataka niondoshe ukuta? Bateja bangu batanyolewa na jua?"

"Nitakuletea mabati mapya. Manane. Na nitakujengea mwenyewe."

"Mabati iko ya moto. Hii chuma iko na baridi asubuhi. Tena nimechora." Akaonyesha vile vichwa. "Hii yote miye nimechora na mukono yangu. Hii ni publisite, ndiyo inaita bateja."

Nikakaa kwenye benchi. Nikamwambia ukweli: bibi, nyonga, mtoto, majina, mume aliyeweka kivuli. Mteja mwenye kichwa nusu akageuka kusikiliza. Nilipofika mahali pa jina kutajwa mara moja tu, kinyozi akazima mashine.

"Mara moja?"

"Mara moja."

Akaiweka mashine chini. Halafu akasema mama yake alimpa yeye jina la babu yake, na huko walikotoka sasa hakuna mtu anayemwita hilo jina isipokuwa yeye mwenyewe anapojaza fomu. "Chukua, yaya. Lakini bichwa usifute. Bikae vile biko."

Nilimjengea ukuta siku hiyo hiyo, wa mabati, na nikauacha mwanya juu ili hewa ipite. Mteja yule alinishikia misumari, kichwa chake bado nusu. Ubavu wa lori ukapakiwa kwenye gari la kazi, umejitokeza nyuma kama mkia, na nikaurudisha Lodwar taratibu nikisali askari wa barabarani wasiwe na maswali.

Siku iliyofuata nilichimba mashimo mawili, nikasimamisha nguzo za chuma, nikaupandisha ubavu kwa msaada wa majirani. Sasa kilichobaki ni pembe. Ukikosea kidogo tu, mawimbi yanampita bibi na kwenda kuwapigia simu mbuzi. Kazini tunatumia vyombo kwa jambo hili, lakini kuna njia ya zamani ambayo mzee mmoja wa kazi alinionyesha nilipokuwa mwanafunzi, nami sikuwahi kuitumia. Wimbi huruka kwenye chuma kama mwanga unavyoruka kwenye kioo. Nikaomba kioo cha mke wangu cha kujitazamia, nikakibandika kwa gundi katikati ya ubavu, chini ya kichwa kimoja kilichonyolewa panki. Nikamwambia bibi aketi kwenye kigoda chake atazame ndani ya kioo.

"Unaona nini, ata?"

"Naona mawe."

Nikausukuma ubavu kidogo.

"Naona wewe."

Nikasogeza tena, nikajiondoa.

"Naona juu ya kilima. Naona... ngoja. Iko kitu nyekundu na nyeupe. Imesimama."

"Ndiyo mnara huo! Usisogee!"

"Mimi sisogei. Wewe ndiyo unasogea."

Nikakaza boliti kwa mkono tu, kusudi kesho nizikaze vizuri na spana kubwa, kwa kuwa saruji miguuni bado ilikuwa mbichi. Simu ya bibi, kabambe yake ya vitufe, ilionyesha mistari mitatu. Akaipanguza kwa kidole gumba. Binti alikuwa amebakiza siku kumi ajifungue. Nikalala nimetulia.

Asubuhi, kama saa nne, nilikuwa nakunywa chai nikingoja saruji, mke wangu akanijia mbio. Simu ya bibi ilikuwa inalia.

Tulimkuta ameshaipokea na kuiweka kwenye spika, juu ya goti. Waliongea Kiturkana, ambacho nakielewa kuliko ninavyokisema. Sauti ya binti ilikuwa imechoka lakini wazi. Mtoto alikuwa amekuja mapema, jana jioni, wa kiume, na wameruhusiwa kwenda nyumbani. Nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa akilia, kilio kile cha mtu mpya asiyekubaliana na lolote.

"Hajataka kunyonya tangu azaliwe," binti akasema. "Na mama mkwe ameshafika. Anauliza utaita wewe, au aite yeye."

"Mwambie aketi," bibi akajibu. "Niko mlangoni."

Ndipo upepo ulipokuja, asubuhi hiyo hiyo, kana kwamba haukuwa na saa nyingine. Nguzo moja ikalegea kwenye saruji mbichi na ubavu ukageuka kidogo sana, kama upana wa kidole. Kwenye goti la bibi sauti ya binti ikakatika katikati ya neno.

Nilikimbia. Nikauegemea ubavu kwa bega nikausukuma kurudi. Sauti ikarudi, ikapotea. Pale nilipokuwa sikuweza kuona kioo wala simu, nilimwona bibi tu, shavu langu kwenye rangi ya buluu. Nikapaza sauti, "Ata, niambie!"

Akainua fimbo. Kushoto. Nikasukuma kushoto. Fimbo ikarudi kidogo. Nikarudi kidogo. Fimbo ikasimama wima. Sijawahi kuelekezwa vizuri namna ile na mhandisi yeyote, na nimeelekezwa na wengi.

Akaanza kuita. Akataja jina la baba yake. Mtoto alilia. Akataja jina la mjomba aliyewahi kuchimba kisima karibu na Kalemng'orok. Mtoto alilia zaidi. Akataja la kaka yake, na la mwanawe wa kwanza ambaye hakukaa, na hapo sauti yake ilipungua, na mtoto akaendelea kulia. Chuma kilikuwa kimeshika jua na bega lilikuwa linaungua, na upepo ulisukuma upande wake huku nami nasukuma upande wangu. Niliogopa. Nasema wazi, sijaogopa hivyo nikiwa juu ya mnara wowote. Nilijua jina lililobaki ni la mzee, na nilijua litatajwa mara moja tu.

Bibi akainamia simu. Halafu akalitaja, si kwa sauti kubwa, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili.

Simu ikanyamaza.

Kilio kilikatika ghafla. Hapakuwa na sauti ya binti, wala ya mtoto, wala kitu. Katika kazi yangu ukimya una maana moja tu, nao ni kwamba umepoteza mawimbi. Niliona nimemuua mzee wa watu mara ya pili. Nikapanua miguu nianze kuusukuma ubavu kutafuta pembe upya.

"Wacha!" bibi akaniambia kwa Kiswahili. Fimbo ilikuwa bado wima. "Usiguse! Sikia."

Sikusikia kitu. Nikasikiliza tena, shavu kwenye chuma. Kutoka kule kwenye goti lake, hatua thelathini, ikaja sauti ndogo mno, yenye mpigo, ya mdomo unaovuta, unapumua, unavuta.

"Amenyonya, mama," binti akasema, akaanza kulia yeye.

Bibi hakunitazama mimi. Alitazama ule ubavu wa lori, na vichwa vyake vyote vilivyonyolewa vizuri. "Umechelewa, mzee," akakiambia kile chuma.

Nilikaa nimeuegemea mpaka walipomaliza kuongea, na walikuwa na mengi. Mke wangu aliniletea maji, akaninywesha, maana mikono haikuwa huru.

Geti langu liko nyuma ya nyumba sasa. Wageni huzunguka kwenye mibono na miiba ya mathenge mpaka waone mlango, wakifika huuliza ni fundi gani alipanga nyumba hivi. Wenzangu wa kazi wameupiga picha ule ubavu na kunitania kwamba nimefungua duka la kinyozi. Saruji imekauka na boliti nimezikaza kwa spana kubwa, na kioo cha mke wangu bado kipo, hajakidai. Jioni kivuli hufika mpaka kwenye kigoda.

Mwezi uliopita binti alikuja Lodwar na watoto wote watatu. Yule mdogo ameshaanza kutembea. Alikuwa amechuchumaa pale kwenye kivuli, anachota mchanga kwa mfuniko, ametupa mgongo. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, simu imelala juu ya goti, imezimwa. Akamwita kwa jina lake, mara moja tu, kwa sauti ile ile ya kumwita mtu aliye chumba cha pili, naye akageuka.